Zamu ya Tangi la Subukia

Kama wewe ni mtu wa kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu, wala sikuyaota. Yalinipata mimi mwenyewe nikiwa na akili timamu, tumbo limeshiba githeri na simu yenye chaji iko mkononi. Na kama unadhani mzimu ni lazima utokee usiku wa manane ukiwa umejifunika shuka jeupe, huu wangu utakuvunja moyo. Ulikuja saa ya chai ya jioni, umevaa gambuti.

Nilikuwa nimetoka Lodwar. Lazima nianzie huko, maana safari yenyewe ilikuwa onyo ambalo sikulielewa. Nilipanda lori la samaki wakavu, nikakaa juu ya magunia pamoja na mbuzi wa dereva. Tulipita Kainuk kwenye joto la kuunguza, tukapanda Kapenguria, Kitale ikatunyeshea, na tulipofika Timboroa baridi ilitufanya mimi na yule mbuzi tusahau tofauti zetu tukalala tumekumbatiana. Kisha barabara ikaanza kuteremka, na Nakuru ikatokea kule chini, na ziwa likimetameta nyuma yake kama bati jipya. Machozi yalinilenga. Nilizaliwa pale, kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, baba akiwa fundi wa mabehewa aliyeletwa na kazi kutoka Butere.

Machozi yasikudanganye, lakini. Mimi ni mtu wa kuhama. Tangu nimalize kidato cha nne sijatulia popote. Nikikaa mahali hadi nikajua jina la mbwa wa jirani, nyayo huanza kuniwasha. Ajabu ni kwamba nikishahama huanza kulilia nilikotoka. Nimeililia Voi nikiwa Isiolo, nikaililia Isiolo nikiwa Malaba. Ningefanya nini? Ndivyo nilivyoumbwa. Wakati huo mahali palipobaki ni Moyale tu. Kuna watu wa kuchimba visima waliokuwa wanajiandaa kwenda huko na lori lao, na walikubali kunibeba wakipita Nakuru. Kati yangu na Moyale ilibaki kazi moja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Kiplagat. Tulikaa dawati moja shuleni, na sasa ana kampuni ndogo nyumbani kwake Kiamunyi. Anafunga vihisi. Kihisi ni kidude kidogo kama kiberiti, hakina waya. Unakibandika kwenye tangi, kinapima joto na kurusha habari hadi kwenye kisanduku chenye antena. Kisanduku nacho kinazirusha kwa laini ya simu hadi mawinguni, yaani kwenye kompyuta za watu wa mbali tusiowajua. Huko zinatazamwa saa zote. Stima ikipotea, mawingu yenyewe yanaamuru jenereta iwake. Maziwa yakipata joto, mawingu yanakupigia kelele kwenye simu. Hakuna mtu anayegusa kitu.

"Mimi nikiwa hapa kwa kochi," Kiplagat aliniambia, miguu juu ya meza, "naona tangi ya Subukia kuliko mtu amesimama kando yake. Siku hizi hakuna haja ya mtu kukaa mahali, buda."

Niliipenda sana sentensi hiyo. Ilikuwa kama imeandikwa kwa ajili yangu.

Basi nikaenda Subukia, kwenye kituo cha kupoza maziwa cha wakulima. Mlangoni nilipokelewa na Mama Njoki, meneja, mwanamke mnene mwenye aproni nyeupe na sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

"Wewe fundi, simama hapo hapo! Unanuka Turkana yote!"

"Ni samaki tu, mama. Nilipanda lori."

"Samaki tu? Unajua maziwa hushika harufu? Unataka watu wa Nakuru wanywe chai ya omena?"

Nilioga nyuma ya kituo kwa sabuni ya kuoshea mikebe, wanawake waliokuwa wakileta maziwa wakinicheka kutoka upande wa pili wa mabati. Ndipo nikaruhusiwa kuingia.

Sasa sikiliza jambo hili vizuri, maana mimi sikulisikiliza. Pale kituoni wana desturi yao ya kubadilishana zamu. Anayetoka huweka kiganja juu ya tangi. Anayeingia huweka chake kando, kisha husema kwa sauti, "Nimepokea." Hapo ndipo yule wa kwanza huondoa mkono na kwenda nyumbani. Kama hujasikia neno hilo, zamu bado ni yako, hata kama nyumba yako inaungua. Mama Njoki alinieleza kwamba zamani maziwa yalikuwa yakiharibika na kila mtu anamsukumia mwenzake lawama, ndipo wakakubaliana hivyo.

Mimi nilicheka. "Sasa mtakuwa mnaambia mawingu."

Hakucheka. Aliendelea kukung'uta mkebe.

Walihitaji ile mitambo kwa sababu kampuni ya mjini inayonunua maziwa yao ilikuwa imetoa sharti: jenereta ijiwashe yenyewe, na joto la tangi lionekane saa zote, la sivyo wasipeleke maziwa. Nikafunga kila kitu. Vihisi vya joto kwenye matangi yote mawili, kimoja cha mlango, kingine cha kutambua kama kuna mtu anatembea ndani. Nikaunganisha jenereta. Kwenye ubao wa stima kuna swichi ya kuzungusha: kulia mashine inajiendesha, kushoto inawashwa kwa mkono. Nikaiweka kulia. Kwenye simu yangu kila kitu kikawa kijani. Nilijipongeza kwa chapati na nikaanza kuiota Moyale.

Jioni ile stima ilipotea. Asubuhi nikafungua simu kwa furaha nione jinsi mawingu yalivyofanya kazi. Mawingu yalikuwa yameamuru, na hakuna aliyeyajibu. Lakini maziwa yalikuwa baridi salama! Kumbe jenereta ilikuwa imewashwa kwa mkono. Swichi ilikuwa imezungushwa kushoto.

"Nani amegusa hii?" nikauliza.

"Hiyo ni Guka," akasema Mama Njoki bila kugeuka.

"Guka nani?"

"Mzee Nderitu. Wa zamu ya jioni."

Nikairudisha kulia. Siku iliyofuata nikaikuta kushoto. Nikairudisha tena, nikabandika karatasi kwamba isiguswe. Nikaikuta kushoto, na karatasi imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya ubao. Hebu niambie, wewe ungefikiria nini? Nilifikiria kwamba kuna mzee mkaidi anayeogopa kunyang'anywa kazi, na kwamba kwa ajili yake watu wa visima wataondoka wakiniacha. Nikaamua kumngoja.

Jioni hiyo ukungu ulishuka mapema, ukafunika mashamba hadi kwenye uzio. Maziwa ya mwisho yalikuwa yameingia, Mama Njoki akafunga mlango kwa nje kama kawaida yake, nami nikabaki ndani kwa ridhaa yangu, nimekaa juu ya mkebe uliopinduliwa. Stima ikapotea. Kabla sijainuka nikasikia jenereta imeshika moto.

Mzee alikuwa amesimama kando ya ubao. Kabuti zito, kofia ya sufu, gambuti nyeupe safi sana. Alikuwa na tochi ya zamani, ile ndefu ya bati.

"Mzee, habari ya jioni," nikasema. Nilikuwa na hasira, lakini nimelelewa.

"Mzuri, kijana. Wewe ndiye ule wa samaki?"

"Ndiye. Mzee, naomba usiguse hiyo swichi. Jenereta inajiwasha yenyewe siku hizi."

"Nani anaiambia?"

"Mawingu."

Alitazama juu kwenye mabati, kisha akanitazama mimi. "Yale ya mvua?"

"Hapana mzee, si ya mvua."

"Kama si ya mvua, tunayatakia nini Subukia?"

Nikatoa simu nimwonyeshe. Ndipo nikaona kasoro, na ni kasoro iliyonichoma kama fundi. Simu ilisema mlango umefungwa. Hilo sawa. Lakini iliandika kwamba ndani kuna mtu mmoja tu. Nikapunga mkono, ikanitambua. Nikamwomba mzee atembee kidogo. Akatembea kutoka ubaoni hadi kwenye tangi na kurudi. Simu haikumwona.

Na mimi nilifanya nini? Nilikimbia? Nilipiga kelele? Niamini, nilimwomba msamaha. Nikamwambia kihisi kina betri mbovu, nikapanda juu ya mkebe nikaibadilisha, naye akanimulikia kwa tochi yake bila kutetemesha mkono hata kidogo.

"Tembea tena, mzee."

Akatembea. Hakuna kitu.

"Labda mimi ni mwepesi," akasema kwa upole, kama mtu anayekusaidia usione aibu.

Kisha akaenda kwenye tangi, akaliwekea sikio na kiganja. Simu yangu ikalia. Joto la tangi lilikuwa linashuka upesi mno, namba zikikimbilia chini kama mbuzi wameona lango wazi. Hata wakati huo, ndugu yangu, nilifikiria kihisi hakikubandikwa vizuri. Elimu ni kitu kibaya ikiwa kidogo.

"Zamu hii yangu imekuwa ndefu," alisema, sikio bado liko tangini. "Hawa watoto hufunga mlango wakaenda. Hakuna anayeniuliza. Hayo mawingu yako yanaweza kusema neno?"

"Neno gani?"

"La kupokea."

"Yanaweza kutuma meseji, mzee, lakini kusema..."

"Basi swichi inabaki kushoto."

Nikaona Moyale ikiniponyoka. Niliona lori la visima likipita bila mimi, vumbi linatulia, na mimi nimekwama kwenye bonde hili hadi nijue majina ya mbwa wote. Nikapoteza subira. Nikabandika kiganja changu kwenye tangi kando ya chake, nikasema, "Haya mzee, nimepokea. Sawa? Nimepokea."

Aliondoa mkono polepole, kama mtu anayevua kiatu kilichombana kwa muda mrefu. Akashusha pumzi. Akaizungusha swichi kulia mwenyewe, akanipa ile tochi, akanipiga bega na kusema, "Tangi la pili husumbua kidogo, usiliogope." Kisha akaelekea mlangoni akatoka.

Angalia sijasema alifungua mlango. Nimesema alitoka. Simu ilikuwa mkononi mwangu na iliandika wazi kwamba mlango umefungwa, na mara hii sikuwa na betri ya kubadilisha.

Sijui nilipitaje kwenye dirisha lile dogo la kuoshea mikebe. Nilimkuta Mama Njoki jikoni kwake, mwiko uko mkononi.

"Mama! Mzee Nderitu..."

"Umemwona? Yuko aje?"

"Yuko aje? Mama, huyu mzee yuko hai?"

"Nani amekwambia yuko hai? Tulimzika mwaka juzi. Alishikwa na kifua akiwa kazini, wakambeba kwa pikipiki, hakurudi. Tulikula wali mzuri sana."

"Na mbona hukuniambia?"

"Uliuliza ni nani anagusa swichi. Nikakwambia." Akaendelea kusonga ugali, kisha akasimama ghafla. "Alikuuliza kitu?"

"Aliniuliza kama mawingu yanaweza kupokea."

Mwiko ukabaki hewani. "Na ukasemaje?"

Nilitazama kiganja changu. Alijua.

"Wewe fundi! Sisi wote tumeulizwa! Mwenyekiti aliulizwa akajifanya kiziwi. Mimi nilimwambia nimeacha mtoto kwa jiko. Na huyo mtoto ako chuo! Wewe unakuja na samaki zako, unapokea tu?"

Siku ya majaribio ilifika, na mambo yakaenda kama maji. Watu wa kampuni ya mjini walikata stima, mawingu yakaamuru, jenereta ikajiwasha, maziwa hayakushtuka. Walinipa mkono wakaenda. Nikafunga begi langu, nikapanda gari la mboga kuelekea Nakuru. Lilipofika juu ya mteremko, pale ambapo bonde hupotea nyuma yako, simu ikalia.

"Fundi, umefika wapi? Mashine imezima."

Nikaangalia mawinguni: kijani. Kila kitu kijani! Nikarudi. Nilipoweka mguu wa kwanza ndani ya kituo, kompresa ya kupoza ikaanza kunguruma kama paka aliyemwona bwana wake. Kesho yake nikajaribu kutorokea upande wa Nyahururu. Hata bango la Ikweta sikulifikia.

Si hivyo tu. Nilianza kubadilika. Asubuhi nilijikuta nimevaa gambuti ambazo sikumbuki nilizitoa wapi. Mkahawani niliweka sikio kwenye chupa ya chai ya mama mmoja nisiyemjua, nikamhakikishia kwamba ni moto. Alinipiga kwa kikapu. Nilimwita mchungaji, akaniombea kwa moyo wote, lakini akiwa amesimama nje ya lango la kituo na mikono iko mfukoni. Nilipompa sadaka alisema asante, tena haraka haraka. Bonde zima lilikuwa limeacha kutumia neno lile. Mtu ukimpa hata kiberiti anasema, "Haya, nimeona."

Kisha watu wa visima wakapiga simu. "Niaje, buda? Tuko Nakuru. Tunapita hapo Subukia mchana, tunapandia Nyahururu. Usitucheleweshe."

Nilikaa kwenye mkebe nikalia. Usinicheke. Mtu aliyezoea kuondoka, ukimfungia hata peponi atalia. Na nikiwa kwenye kilio hicho simu ikalia tena. Alikuwa Kiplagat, kwenye kochi lake.

"Mbona bado uko huko? Kazi iliisha. Mimi naona tangi hapa, safi kabisa."

Nikainuka, nikaiweka simu ipaze sauti, nikaibandika kwenye tangi la kwanza, kiganja changu kando yake. Mama Njoki alikuwa akiosha mikebe. Akaacha maji yanamwagika.

"Kiplagat," nikasema, "nakwambia ukweli kama rafiki. Huku kuna zamu. Aliyekuwa nayo alikufa, akanipa mimi. Mtu akisema amepokea, hawezi kuondoka tena. Ukisema neno hilo zamu inakuwa yako."

Alicheka hadi tangi likavuma. "Acha ushamba! Mtu mzima na maneno ya mashetani! Nimekwambia hakuna haja ya mtu kukaa mahali, kila kitu kiko hapa mbele yangu."

"Fikiri vizuri, Kiplagat."

"Nifikiri nini? Nimepokea! Umesikia? Waambie na hao watu wako wote, Kiplagat wa Kiamunyi amepokea!"

Kiganja changu kikaachia. Sikukiondoa mimi. Kiliachia chenyewe, kama plasta iliyolowa.

"Eeh," akasema Mama Njoki polepole. "Huyo amepokea na kiburi."

Lori la visima lilipiga honi barabarani. Nilivua gambuti, nikaziacha kando ya tangi la pili, tochi nikaiweka juu yake. Mama Njoki alinipa chupa ya maziwa lala, akaniambia, "Nenda, mwanangu. Na usioge tena kwa sabuni yetu." Tulianza kupanda kuelekea Nyahururu. Kwenye bango la Ikweta nilifumba macho, nimeishika simu kwa mikono miwili. Haikulia. Nilipoyafumbua, Subukia ilikuwa nyuma, na mimi tayari nimeanza kuililia.

Siku chache baadaye mke wa Kiplagat alinipigia. "Shemeji, ulimfanya nini huyu mtu? Analala sebuleni na gambuti, macho kwa skrini. Akitoka tu nje ya geti maziwa ya Subukia yanapata joto. Juzi amekataa kwenda harusi ya dada yake. Ameweka sikio kwa friji, anasema husumbua kidogo." Nikamwambia asiliogope. Sikuwa na jingine la kumwambia.

Mimi niko salama. Kilichobaki ni kiganja hiki cha kulia ambacho hakijapata joto tangu siku ile. Hapa Moyale, ambako jua halina huruma, wenzangu hunipa soda nizishike kabla hawajazifungua. Ukitaka kuhakikisha, njoo unipe mkono.

Ila nisikilize wewe unayebeba simu yako kila mahali na kujisifu kwamba unaweza kuona kila kitu ukiwa popote. Siku mtu akikupigia akikuomba useme umepokea, usiwe mwepesi wa mdomo. Muulize kwanza ameweka mkono wake juu ya nini.